Ami na daktari wa SHA: kisa cha mshipa kutoka Mambrui

Kwa wiki sita nilizunguka Malindi na swali moja: daktari gani wa upasuaji anachukua SHA, bima ya afya ya serikali? Niliuliza kwenye famasi, nikauliza barazani baada ya sala ya alasiri, nikamuuliza hata dereva wa tuktuk ambaye mkewe alitolewa kidole tumbo. Kila mtu alikuwa na jibu, na hayakufanana mawili. Leo Ami ameshapasuliwa, anatembea, na mimi nimekaa na daftari nililokuwa nikiandikia safari zile. Nikilisoma naona watu wengi walinijibu sawa kabisa. Swali ndilo lililokuwa bovu.

Ami ni mdogo wake marehemu baba yangu, mvuvi wa Mambrui, kijiji karibu na Malindi, miaka 67. Uvimbe wa kinenani, upande wa kulia, alikaa nao miaka mingapi hasemi. Kikoi kinaficha mengi. Alikuwa akiusukuma ndani kwa kiganja asubuhi, akijifunga kitambaa, anakwenda zake baharini. Mkewe pekee ndiye aliyejua. Mwaka 2025, kaskazi, msimu wetu wa bahari tulivu, ikielekea mwisho, wakiwa wanavuta nyavu, uvimbe ulitoka ukakataa kurudi. Wenzake walimlaza chali ndani ya mashua, miguu juu ya benchi, mpaka ukarudi wenyewe wakikaribia pwani. Siku hiyo siri ikaisha.

Hapa lazima nisimame kwenye jina la ugonjwa, kwa sababu hapa ndipo tunapopotea kabla hatujafika hospitali. Kwetu neno mshipa ni kapu. Mwenye ngiri ana mshipa, mwenye busha ana mshipa, mwenye maumivu ya kinena yasiyojulikana asili yake naye ana mshipa. Ngiri ni utumbo, au mafuta ya tumboni, kupenya mahali ambapo ukuta wa misuli umelegea na kutuna chini ya ngozi. Mtu akilala mara nyingi unarudi; akikohoa au akivuta kitu kizito unatoka. Busha ni maji yaliyojikusanya kuzunguka korodani, na katika ukanda wetu, kuanzia Kwale hadi Lamu, mara nyingi chanzo chake ni minyoo ya matende inayoenezwa na mbu. Yote mawili ni kazi ya daktari wa upasuaji wa jumla, lakini ni pasuo mbili tofauti, na bima huombwa idhini kwa jina la upasuaji. Ukifika dirishani ukasema "mshipa", hujasema kitu.

Jirani mmoja alimshauri Ami asubiri kambi ya bure ya kupasua mabusha, maana kambi za namna hiyo zimewahi kufanywa Pwani. Ushauri mzuri kwa mgonjwa mwingine. Ami angesubiri kambi isiyomhusu.

Kilichotuokoa ni barua. Kwenye zahanati alimwona yule tunayemwita daktari, ambaye kwa cheo ni klinikal ofisa, akampima akiwa amesimama na akiwa amelala, akaandika kwa Kiingereza safi ngiri ya kinena, upande wa kulia, inayorudi ndani, apelekwe kwa daktari bingwa wa upasuaji. Nililidharau lile karatasi. Nililikunja mara nne nikalitia mfukoni, na baadaye kila mlango uliofunguka ulifunguliwa nalo.

Bima aliyodhani anayo

Kabla ya kutafuta daktari tulikuwa na hakika moja: Ami ana SHA. Hakika hiyo ilisimama juu ya nguzo tatu, na zote tatu zilikuwa mbovu.

Nguzo ya kwanza ni mwanawe. Kijana ameajiriwa Mombasa, na kila mwezi anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake. "Mimi nakatwa, mzee yumo," alituambia kwa simu, na alisema kwa roho safi. Lakini makato ya mfanyakazi yanamfunika yeye, mwenzi wake na watoto wanaomtegemea. Baba na mama hawamo. Mzee hujiandikisha na kulipa kwa jina lake mwenyewe. Nimeshakutana na familia nyingi za kwetu zenye dhana hii, nadhani kwa sababu sisi hatuhesabu nyumba bila wazee ndani yake.

Nguzo ya pili ni ujumbe wa simu. SHA ilipoanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024 ikichukua nafasi ya NHIF, iliyokuwapo tangu 1966, vijana walipita kijijini wakiandikisha watu. Ami aliandikishwa, akaambiwa tayari. Tayari ya nini, hakuuliza. Kujiandikisha ni hatua moja, kulipa ni hatua nyingine, na kwa asiye na mshahara kuna ya katikati: maswali ya kupima uwezo. Nyumba ina ukuta wa nini, paa la nini, maji mnachota wapi, mnatumia taa gani. Majibu ndiyo yanayoamua mtu alipe kiasi gani, na hakishuki chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Ami hakuwahi kuyajibu.

Nguzo ya tatu ndiyo iliyotudanganya zaidi, kwa sababu ilikuwa na ushahidi. Pale zahanati alitibiwa kwa SHA bila kutoa senti. Mtu ametibiwa kwa bima jana, utamwambiaje leo kwamba hana bima? Lakini huduma za msingi za zahanati na vituo vya afya hulipiwa na mfuko wa huduma za afya ya msingi, na kinachotakiwa huko ni kuandikishwa tu. Ukipanda kwenda kulazwa na kupasuliwa unaingia mfuko mwingine, wa bima yenyewe, na huo unataka mchango uliolipwa. Kadi ni moja, mifuko ni miwili, na hakuna aliyemweleza mzee tofauti yake. Mimi mwenyewe niliielewa nikiwa nimesimama mbele ya dirisha, watu wanane nyuma yangu.

Tulipopiga *147# na kumaliza maswali, alipangiwa shilingi 430 kwa mwezi. Sawa, tukasema, tulipe mwezi mmoja. Haiwezekani: asiye na ajira ya mshahara hulipa mwaka mzima kwa mpigo, 5,160. Enzi za NHIF alikuwa akilipa 500 kwa mwezi pale anapopata, anaruka pale bahari inapochafuka, na adhabu zinamfuata. Kwa hesabu ya mwaka SHA ilikuwa rahisi kwake. Kwa hesabu ya mfuko wa kanzu ilikuwa nzito, kwa sababu ilikuja kusi imeanza, msimu wa bahari chafu, na mvuvi wa mashua ndogo wakati wa kusi hana elfu tano. Mwaka huohuo wa 2025 serikali ilizindua mpango wa Lipa SHA Pole Pole, wa kukopeshwa ada na kuirejesha kidogo kidogo, lakini Ami hataki kusikia neno mkopo. Tulichanga wapwa.

"Tunapokea"

Sasa ile safari yenyewe. Nilianza na hospitali za binafsi kwa sababu nilidhani za serikali zitachelewesha. Sizitaji majina, sina ugomvi nazo, na utaona kwamba hakuna iliyonidanganya.

Ya kwanza nilipiga simu. "Mnapokea SHA?" "Ndiyo, tunapokea." "Na daktari wa upasuaji yupo?" "Yupo, Jumamosi." Nikamleta mzee kwa tuktuk, kavaa kanzu ya Ijumaa siku ya Jumamosi. Daktari alikuwa anatoka Mombasa mara moja kwa wiki. Kumwona ni pesa taslimu. Akapima, akathibitisha ngiri, akapanga upasuaji, kisha tukapelekwa kwa mhasibu. Karatasi ilikuwa na mistari miwili mikubwa. Mmoja ni kile ambacho SHA hulipa hospitali kwa upasuaji ule. Wa pili, chini yake, ni nyongeza: ada ya daktari bingwa, ada ya mtu wa ganzi, na meshi, yaani kile kiraka cha wavu kinachoshonwa kuziba tundu. Ile nyongeza ilikuwa inazidi mapato ya Ami ya kusi nzima.

"Lakini mlisema mnapokea," nikamwambia.

"Tunapokea, kaka. Hicho cha juu ndicho tunachopokea."

Nilitoka na hasira, na nikakaa nayo siku mbili. Nikiisoma ile karatasi leo naona dada yule alisema kweli tupu. SHA inalipa kiwango kilichowekwa kwa kila upasuaji, na inakilipa kwa hospitali. Hospitali yenye daktari wa mshahara inaweza kuishi ndani ya kiwango hicho. Hospitali inayomkodi daktari kutoka mji mwingine inapaswa kumlipa yeye na usafiri wake, na ikiona kiwango hakitoshi inamgeukia mgonjwa. Swali langu lilipaswa kuwa: mkishapokea, mimi nabakiwa na shilingi ngapi, na mniandikie.

Ya pili ilikuwa na bango la SHA ukutani, kubwa, la rangi. Huko walinipokea vizuri, wakanipa kiti, kisha wakaniambia mkataba wao na SHA ni wa kujifungua na kulazwa kwa maradhi ya kawaida. Upasuaji wa ngiri hawamo. Hospitali za Kenya zimepangwa kwa ngazi, na upasuaji kama wa Ami kwa kawaida ni wa ngazi ya nne kwenda juu. Bango halisemi ngazi.

Ya tatu walinijibu kabla sijakaa: "SHA tumesimamisha kwa sasa." Madeni. Haikuwa ajabu, maana Februari 2025 chama cha hospitali za binafsi, RUPHA, kilikuwa kimetangaza kusitisha huduma za SHA kwa ajili ya pesa ambazo wanachama wake walikuwa wakidai tangu enzi za NHIF. Kwa hiyo hata orodha sahihi ya hospitali zinazopokea huoza. Ya mwezi uliopita ni habari ya mwezi uliopita.

Aliyenigeuza kichwa ni muuguzi mstaafu, mama mmoja wa mtaa wa Barani ambaye nilikwenda kumlipa deni la mahamri, si kumuuliza ugonjwa. Akanisikiliza mpaka mwisho, akacheka.

"Mwanangu, wewe wamtafuta mtu. SHA haina mkataba na mtu. Daktari hana SHA, jengo ndilo lina SHA. Tafuta jengo lenye thieta, chumba cha kupasulia, lenye mkataba wa upasuaji, na daktari wake ni wa mshahara. Kisha uliza siku ya kliniki yake. Basi."

Basi. Wiki zote zile za mafuta ya tuktuk zilikuwa ndani ya sentensi zile. Daktari mmoja anaweza kuwa "wa SHA" asubuhi akiwa kwenye hospitali ya kaunti, na jioni ya siku ileile, kwenye chumba chake cha binafsi, akawa wa pesa taslimu. Ni mtu yuleyule, mikono ileile. Ukiuliza "yule daktari anachukua SHA?" utaambiwa ndiyo na hapana, na wote wanaokujibu wakweli.

Kumchunguza daktari mwenyewe ni jambo jingine, na ni rahisi kuliko nilivyodhani. Baraza la madaktari la Kenya, KMPDC, lina sajili iliyo wazi kwenye intaneti. Unaandika jina, unaona kama leseni yake ni hai na ubingwa wake ni wa nini. Hospitali nazo zimo, na ngazi zake. Hiyo inakuambia nani ni daktari bingwa wa upasuaji. Nani atakayemlipa, haikuambii.

Kliniki, presha na namba ya simu ya mtu mwingine

Tulikwenda hospitali ya serikali siku ya kliniki ya upasuaji, tukatoka Mambrui gizani, tukavuka mto Sabaki alfajiri. Barua ya zahanati ikatolewa mfukoni, imechakaa kwenye mikunjo. Daktari alikuwa kijana, na Ami, ambaye kwa wiki nzima alikuwa ameniomba nimweleze mimi kwa niaba yake, alipogundua chumbani hakuna mwanamke alisema yote mwenyewe. Hili nilikuwa nimelipuuza. Sehemu ya ucheleweshaji wa miaka ile ilikuwa aibu. Mara mbili aliniambia hospitali fulani "imefungwa" kumbe aliona dirishani kakaa binti wa mtu anayemjua.

Maswali ya daktari yalinishangaza. Hakuanza na uvimbe. Unakohoa? Unavuta? Choo kikubwa unakisukuma? Choo kidogo usiku unaamka mara ngapi, na kinatoka kwa nguvu au kwa kudondoka? Baadaye alinieleza: kinachosukuma tumbo ndicho kinachotoboa tena baada ya kushona. Mzee mwenye kikohozi sugu, au tezi dume iliyobana njia ya mkojo, ukimshona leo bila kuangalia hayo, umeshona gunia linaloendelea kujazwa. Kikohozi hakuna, choo kidogo kiko sawa kwa umri wake. Presha ndiyo iliyotukwamisha. Ilikuwa juu sana, na Ami hakuwahi kuipima maisha yake yote. Upasuaji ukaahirishwa wiki tatu, vidonge vya presha kwanza.

Nyumbani walichukia. Shangazi alisema ni njia ya kutufukuza kistaarabu, kwamba wenye pesa hawaambiwi warudi baada ya wiki tatu. Kwa hili nilisimama upande wa daktari na bado nimesimama. Upasuaji wa ngiri inayorudi ndani ni wa kupangwa, unaweza kungoja presha ishuke.

Isiyongoja ni ile inayokataa kurudi, inauma, ngozi inageuka rangi, mtu anatapika, hatoi choo wala hewa. Hapo utumbo umenyongwa, damu haipiti, na unazungumzia saa chache. Tulimwandikia mkewe dalili hizo kwenye karatasi ikabandikwa mlangoni. Usiku mmoja katikati ya zile wiki tatu uvimbe ulitoka ukakaa karibu saa mbili, na tulikuwa tumeshamwita mwenye gari la probox mlangoni uliporudi. Nilikuwa nimejiandaa na jambo moja tu la kusema mapokezini: Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Kwa dharura huanzi na kutafuta nani anapokea nini. Unakwenda kwenye thieta iliyo karibu, mambo ya bima yanafuata nyuma. Namshukuru Mungu sikulazimika kuinua sauti.

Kikwazo cha mwisho kilikuwa cha kuchekesha, ingawa siku hiyo hakuna aliyecheka. Presha imeshuka, tarehe imepangwa, hospitali inamwingiza Ami kwenye mtandao wa SHA iombe idhini ya upasuaji. Mtandao unatuma namba ya siri kwenye simu ya mgonjwa. Ami anatoa simu yake ya vibonye, anaitazama. Kimya. Karani anatuma tena. Kimya. Kumbe yule kijana aliyemwandikisha 2024, alipoona mzee hana simu mkononi siku ile, aliandika namba ya kwake. Kila namba ya siri ya Ami ilikuwa inafika kwenye simu ya mtu asiyejulikana aliko. Tulipoteza siku nzima kwenda ofisi ya SHA mjini na kitambulisho kubadilisha namba. Wakati huo habari za kuhamia alama za vidole zilikuwa zimeshaanza, na Ami alinionyesha vidole vyake: mshipi wa miaka hamsini umevisugua vikawa laini kama kioo. "Hawa nao watanitambua kwa lipi?" aliuliza.

Idhini ilitoka. Akachomwa sindano ya ganzi mgongoni, akawa macho muda wote. Meshi ilikuwapo stoo, haikutajwa kwenye malipo. Aliposikia kwamba wamemtia wavu hakuamini, akaomba auone. Daktari akamletea kipande kilichobaki. Ami alikigeuza kwenye mwanga, akakivuta kwa vidole viwili kama anavyovuta nyavu dukani.

"Macho madogo namna hii," akasema. "Wenzangu wa BMU, kamati yetu ya kusimamia uvuvi, wakikuona nayo pwani watakunyang'anya."

Aliruhusiwa siku ya pili. Tulicholipa ni usafiri, chakula, na dawa moja ya maumivu iliyokuwa imekwisha pale famasi yao. Ameambiwa asivute kitu kizito kwa wiki sita, na kwa kuwa ilikuwa kusi hakupoteza siku nyingi za bahari. Hilo lilitokea kwa bahati, lakini nimeliandika kwenye daftari kwa wino mwekundu: kwa nyumba ya mvuvi, ada ilipwe kaskazi pesa ikiwapo, na kisu kije kusi.

Nimeliandika kwa sababu daktari alipompima kwa mara ya mwisho alibonyeza na upande wa kushoto, akamwambia akohoe, akanitazama. Kuna nyingine, ndogo, bado changa. Ada ya mwaka inamalizikia Mei. Nimemwambia Ami tupange kabla haijaisha. Amesema tungoje kwanza aone kaskazi itampa nini.

Kitambaa cha kujifungia bado kimetundikwa nyuma ya mlango. Nilikiona juzi.